Yahusu Jeli ya Tabaka Nne

Kwako Mke Wangu Mpendwa,
Nyumbani kwa Binti Yetu.

YAH: OMBI LA UAMUZI WAKO, PAMOJA NA MAELEZO YA JELI

Kwa heshima na taadhima, mimi mumeo wa ndoa, fundi plasta, mkazi wa chumba na sebule ulivyoviacha ghorofa ya pili, nakuandikia nikiwa na akili timamu. Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako juu ya jambo moja. Jambo lenyewe nitalitaja mwishoni, nikishaeleza lilikotoka, kwa kuwa ombi lisilo na maelezo ni kama plasta iliyopigwa juu ya vumbi: jioni inapendeza, asubuhi iko sakafuni.

Najua hapo umeshacheka. Siku zote umesema kwamba hata nikitaka kijiko mezani naanza na "yahusu". Cheka, mama, ila usiikunje barua. Mimi shule niliiacha mapema, na maneno haya niliyaokota moja moja kwenye matangazo ya ukutani, kwenye barua za ofisini na kwenye magazeti tuliyofungiwa misumari dukani. Nikiyaweka kando, sina mengine ya kusimamia.

Kwanza hali. Goti lako linasemaje na zile ngazi za huko? Binti yetu namsalimu na kumpa pole ya zamu za usiku. Mkwe wetu nampa heshima zake. Kijana mtulivu, sijapata kumsikia akipandisha sauti hata mtandao unapokatika. Na wake wenzako wawili wadogo, wale wajukuu zetu pacha, yule Msemaji na yule Mtazamaji, waambie mume wao mzee bado ana meno, wasikubali posa nyingine. Mimi sijambo. Kikohozi cha vumbi la saruji huja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu. Kazi ipo, hivi sasa tunapiga plasta nyumba ya bwana mmoja ambaye kila asubuhi hubadilisha mahali pa dirisha, nasi kila jioni tunamsifu kwa mawazo yake.

Nakuomba barua hii uisome peke yako, watoto wakiwa wamelala. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya huko huwekwa mezani sauti ikiwa wazi, na mtu hawezi kumwambia mkewe neno la maana huku mkwe anamenya chungwa pembeni.

Sasa historia ya jambo. Kama ujuavyo, ulipoondoka kwenda kumsaidia binti yetu kulea pacha, makubaliano yalikuwa ya mdomo, tena yalifanyika mlangoni, begi likiwa begani. Ulisema utarudi watoto wakishaketi. Wakaketi. Ukasema tungoje watambae, maana mtoto anayetambaa ni mwizi anayehitaji askari. Wakatambaa. Yakaja meno, ikaja homa ya meno, akaondoka yule dada wa kazi, na sasa nasikia wanatembea, na Msemaji ameshajua kujifungia chooni. Sikupinga hata hatua moja. Kila uliponiuliza kama nimekula, nilijibu nimekula. Kila uliponiuliza nyumba ikoje, nilijibu nyumba iko vizuri, hakuna tatizo lolote, endeleeni na shughuli.

Majibu hayo hayakuwa ya uongo. Nyumba iko vizuri kwa sababu hakuna anayeitumia. Pakiti ya chumvi uliyoifungua wewe bado haijaisha. Kikombe changu nakiosha, nakiinamisha, kesho nakigeuza nakijaza, wenziwe kabatini wameshika vumbi. Nalala upande wangu wa ukutani kama kawaida. Upande wako nimeweka nguo zilizokunjwa, maana ukiwa mtupu macho yanaenda huko yenyewe. Nikitoka kazini napiga hodi mlangoni kwetu kabla ya kuingiza ufunguo. Sijui nilianza lini. Siku moja nilijikuta nimeshabisha na ninasubiri.

Basi, mwezi uliopita tangi la maji juu ya paa lilitengenezwa, baada ya barua zangu kwa mwenye nyumba, zile zilizofanya jengo zima liniite Katibu, na ambazo nakala zake unazifahamu. Wapangaji wakafurahi. Mshonaji wa chini, kama umjuavyo hapendi furaha ipite bila yeye kuishika mkono, akatuita uani na kutangaza kwamba Jumapili tutakula pamoja, kila mlango ulete sahani yake. Alisimama na futi yake shingoni akigawa kazi kwa kidole: mlango huu wali, ule nyama, ule maharage, yeye mwenyewe mikate. Alipofika ukutani tulikokuwa tumesimama mimi, dereva wa teksi na yule kinyozi jirani yetu, kidole hakikutuchambua. Akasema, nyie makapera leteni soda na sahani za karatasi, msije mkatuletea sumu.

Watu walicheka. Hata mimi nilianza kucheka, kisha nikatambua kwamba nimehesabiwa. Mshonaji aliniona, akaniambia shemeji usinune, ndoa isiyo na moshi jikoni ni cheti tu cha kutundikwa ukutani. Alisema kwa utani, wala simlaumu. Ulimi wake na mkasi wake vilinolewa jiwe moja. Lakini lile neno liliniingia. Nilinyoosha mkono, nikaomba nafasi kwa mujibu wa utaratibu, nikasema kwamba ningependa kumbukumbu zisomeke kuwa mlango wangu si mlango wa kapera, na kwamba Jumapili mlango huo utaleta jeli ya tabaka.

Mshonaji akashusha kidole. Hakuna asiyeijua jeli yako. Wapo waliohama jengo hili na bado wakikutana nami barabarani huulizia jeli kabla ya kuniuliza hali. Kinyozi akaniinamia sikioni akaninong'oneza kwamba Katibu, leo umejichimbia mwenyewe, na sepeto umeleta kutoka nyumbani.

Nilinunua unga wa jeli wa rangi tatu, jelatini isiyo na ladha, maziwa mazito ya kopo, zabibu, maembe na matufaha. Nanasi nililiacha dukani. Nilikumbuka ulivyomfokea binti yetu siku alipotia nanasi bichi na jeli ikabaki uji mpaka kesho yake. Kisha nikakabili jokofu. Hili sikuwahi kukuambia: jokofu nililizima zamani. Maziwa ya mtu mmoja hununuliwa asubuhi yakaisha asubuhi. Ndani nilikuwa nimeweka viatu vya kazi, ili panya wasivitafune. Nikalisafisha kwa siki na maji ya moto, nikachomeka waya. Likashtuka, likakohoa, likaanza kunguruma. Nilisimama pale jikoni na kitambaa mkononi, nikajisikia nasema karibu.

Jeli ya kwanza niliifanya Ijumaa baada ya kazi. Nitakueleza kosa langu bila kuficha, kwa maana ni kosa la kitaalamu. Tabaka la kwanza, lile jekundu lenye zabibu, lilishika vizuri. Nikajiuliza, tabaka la pili litashikaje juu ya uso laini namna hii? Miaka yote kazi yangu ni hiyo: ukishapiga plasta ya kwanza unaiacha ikauke barabara, unaichora mistari kwa ncha ya msumari ili ya pili ipate pa kung'ata, kisha unainyunyizia maji. Basi nikaacha jeli ikauke usiku kucha. Nikachukua uma, nikaichora mistari mizuri, ya kwenda na ya kukata, kama ukuta wa benki. Nikanyunyizia maji kwa vidole. Nikamimina tabaka la maziwa. Na la njano hivyo hivyo, na la kijani hivyo hivyo, nikachora na kunyunyizia, Jumamosi nzima, nikijipongeza.

Jioni nikamwita kinyozi awe shahidi. Nikapindua bakuli juu ya sinia. Likashuka tabaka la kijani peke yake, likatereza likaishia pembeni. Likafuata la njano, nalo likashika njia yake. Yale mawili ya mwisho yalishuka pamoja, yakaachana hapo hapo siniani kama watu waliogombana ndani ya gari. Ile mistari yangu ilikuwa imejaa maji ya rangi. Kinyozi aliitazama kwa heshima kama mtu anayetazama ajali, kisha akasema, Katibu, ukuta umelala. Akachukua kijiko, akala ajali yenyewe mpaka akafikia sinia. Akasema ladha haina neno, ni ndoa tu iliyokosekana. Alipoona sicheki akaniomba radhi, akaosha sinia.

Alipoondoka nilikupigia simu. Nilikuwa na swali moja tu: kati ya tabaka na tabaka unangoja kiasi gani? Akapokea binti yetu, akasema mama anawaogesha, ngoja nimwite. Akaiweka simu mezani. Nikasikia maji, nikasikia kelele za Msemaji, kisha nikakusikia unacheka. Hukuwa unacheka na mimi. Kilikuwa kile kicheko chako cha zamani, kinachoanzia chini na kukwama katikati mpaka ujishikilie ukutani. Nyumba hii haijakisikia tangu kabla hujaondoka, na kusema kweli sikumbuki ni lini mimi ndiye niliyekisababisha. Nilikisikiliza. Ulipokuja ukaniuliza umekula? Nikasema nimekula. Ukaniuliza ulikuwa na la kusema? Nikasema hapana, nilitaka kujua hali tu. Ukasema sawa, Mtazamaji ana sabuni machoni. Tukaagana.

Sikuweza kuuliza habari za jeli. Ningeuliza, ungejua kwamba hakuna mwingine wa kuitengeneza.

Hivyo nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya jokofu, nikajaribu kukuona ukifanya. Nimesimama jikoni kwako mara nyingi nikikushikia bakuli, lakini mtu anayeshika bakuli huangalia bakuli. Kidogo kidogo vikaja vidole vyako. Hukuwa ukingoja jeli ikauke. Ulikuwa ukiigusa kwa mgongo wa kidole, ikiwa inanata kidogo, kama shavu la mtoto aliyekula embe, basi hapo ndipo unamimina inayofuata. Na hiyo inayofuata ulikuwa ukiidondoshea kwanza kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto mchanga, isije ikayeyusha ya chini. Na ulimimina juu ya mgongo wa kijiko, polepole, ukizungumza. Hapo nikaelewa kitu kingine. Sehemu kubwa ya jeli ni kungoja, na wewe hukuwahi kungoja peke yako. Daima alikuwepo Bibi wa Juu, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, kwenye kile kigoda, mkiwasengenya wapangaji mlango hadi mlango, na jeli ikishika mnashtuka kwamba imeshashika.

Mimi niliingoja kwenye ndoo. Nimefanya kazi nyingi za upweke, mama, nimepiga plasta ndani ya matangi ya maji ambako unasikia pumzi zako zikikurudia. Sijawahi kuona kazi ya upweke kama kungoja jeli ya watu wengi ukiwa mtu mmoja.

Lakini nilifanya. Dukani walikuwa bado hawajafunga, nikanunua vifaa upya. Nikaona jokofu limeinama, kwa sababu sakafu ile, kama nilivyokueleza siku tulipohamia, haikumwagwa na fundi. Nikaingiza pima maji yangu ndani ya jokofu, nikaweka kadibodi chini ya mguu mmoja mpaka kile kiputo kikakaa katikati. Nadhani ni mara ya kwanza kifaa hicho kutumika kwa matunda. Jumapili kulipopambazuka nikaligusa tabaka la mwisho, likanirudishia kidole.

Mchana tukakusanyika uani. Kamba za nguo zilikuwa zimeondolewa, meza za watu zimeunganishwa, hakuna hata moja iliyolingana na mwenziwe. Nililoweka bakuli katika maji ya vuguvugu, nikalifunika kwa sinia, nikapindua. Ikashuka nzima. Ikatikisika, ikatulia. Nyekundu juu, nyeupe, njano, kijani chini, na zabibu zimekaa ndani kama taa za mbali. Mshonaji aliizunguka meza mara mbili. Watoto walikuja wakaipulizia ili waione ikitetemeka, na mama zao hawakuwakataza kwa kuwa nao walitaka kuona.

Bibi wa Juu ndiye aliyepewa kipande cha kwanza kwa ajili ya umri wake. Akatia mdomoni, akafumba macho. Alipoyafumbua akatazama huku na huku katikati ya watu, akasema: amerudi. Akaniuliza, kwa sauti ya kugomba, mkeo amerudi lini, na kwa nini hajapanda kunisalimu?

Wote wakanigeukia. Mshonaji akapiga kofi pajani akasema ndiyo maana shemeji siku ile alinyoosha mkono kama mbunge, kumbe ana jeshi nyuma. Mwingine akasema ndiyo maana amenyoa ndevu. Nyuso zao, mke wangu, zilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Kinyozi, ambaye ukweli wote alikuwa nao, aliinamia soda yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

Hapa ndipo ninapopaswa kukiri, nami nakiri kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno ni fupi na nalijua. Badala yake nikasema: ndiyo, amefika jana jioni, safari imemchosha, amelala.

Mshonaji alinishika mkono mbele ya watu, akaniomba msamaha kwa lile neno la kapera. Akakupakulia sahani, wali na nyama na kipande cha jeli yako mwenyewe pembeni, akaifunika kwa sahani nyingine, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikapanda nayo ngazi. Nikaiweka mezani mahali pako, nami nikakaa mahali pangu. Nilikuwa nimeshashiba. Lakini sahani ya watu hairudishwi ikiwa imejaa, ingekuwa kama umekikataa chakula chao. Basi nikala fungu lako, lote, polepole, nikaosha sahani, nikairudisha chini na kusema umeshukuru.

Sikuishia hapo. Kesho yake nilitoa kabatini ndara zako za bluu, nikaziweka nje ya mlango, pembeni ya viatu vyangu. Nilinunua mikate miwili. Mshonaji aliwafukuza watoto wanaoruka kamba kwenye ngazi ili upumzike. Na watu walianza kunisalimu kwa wingi. Badala ya hujambo Katibu, wakasema hamjambo humo ndani? Nami nikajibu hatujambo. Nilikuwa nikitoka kazini nikipita taratibu uani, ili nikutane na wengi na kila mmoja aniulize. Sikujua kwamba salamu inaweza kumshibisha mtu kiasi hicho. Kwa siku hizo chache nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Alhamisi akashuka Bibi wa Juu. Unajua magoti yake. Kwake ghorofa moja ni safari ya kufunga mizigo. Nilimsikia tangu ngazi ya kwanza, nikazima redio, nikakaa kimya nyuma ya mlango. Akabisha. Sikufungua. Akaziona ndara, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuzungumza na wewe. Alisema anajua umechoka, usihangaike kufungua, atasema mwenyewe. Alikueleza kwamba tangu uondoke hakuna wa kumpaka dawa mgongoni, anajipaka kwa fimbo ya mwavuli. Kwamba mwanawe humtumia picha za chakula anachokula. Kwamba taarifa ya habari ikianza humjibu msomaji salamu zake, na msomaji anapoaga humwambia mapema hivi, unakwenda wapi. Nilikuwa nimeegemeza kichwa kwenye mbao za mlango, yeye upande ule, mimi upande huu, nami sikuthubutu hata kukohoa.

Kisha akagonga ubao mara moja. Akasema, Katibu, fungua mlango. Mke wako hajawahi kukaa kimya muda wote huu tangu azaliwe.

Nikafungua. Aliingia akatazama meza, akatazama nguo zilizokunjwa kitandani, akanitazama mimi. Alinikasirikia sana. Alisema nimemtoa kwake na magoti yake, nikamwacha aseme na ubao kama kichaa. Akadai chai. Aliinywa yote ndipo akaniuliza kama nimewahi, hata mara moja, kukwambia urudi. Nikamjibu kwamba sikutaka kukusumbua. Akasema jengo zima nimeliandikia barua, za maji, za paa, za taa za ngazini, na mke hana hata mstari. Akasema mtu akiambiwa kila siku kwamba huku hakuna tatizo, atakaa kule kwenye tatizo. Tena akasema jeli ilizidi ndimu, ilhali sikutia ndimu kabisa. Nadhani alitafuta la kunichapia.

Ahadi yake ni hii. Yeye hatamwambia mtu, lakini akiulizwa hatadanganya, na mshonaji huuliza kila siku. Ameshaanza kukushonea gauni la kukukaribisha, ameniomba vipimo, nami nimempa vya zamani. Kwa hiyo nimebakiwa na muda mfupi. Nitawaeleza wapangaji ukweli nikiwa nimesimama uani, kwa sauti ya kusikika. Hilo nimeshaliamua na halimo katika ombi hili. Ninachotaka kujua ni nini cha kuwaambia baada ya hapo.

Sikuandika haya ili nikutoe kwenye kile kicheko nilichokisikia. Binti yetu anakuhitaji, na wale wadogo hawajui nyumba isiyo na wewe. Kama uko vizuri huko kuliko ulivyokuwa hapa, hilo pia ni jibu, na nitalipokea kwa maandishi. Ila nisingependa ubaki huko kwa kudhani kwamba huku sijambo. Huku sijambo kwa maneno tu. Kila ulipouliza kama kuna tatizo, tatizo lilikuwepo, nami nililijibia.

Bibi wa Juu anakusalimu, bado amekasirika. Kinyozi anakusalimu na kuulizia kama kuna jeli nyingine itakayoanguka. Wabusu wake wenzako, mpe binti yetu mkono wangu, mwambie baba hamlaumu kwa lolote. Jipake dawa ya goti, usinyanyue watoto wawili kwa pamoja.

Kwa kuwa maelezo yametosha, naomba sasa uamuzi wako. Urudi nyumbani, au nifunge chumba, nikabidhi funguo, nije huko na mwiko wangu wa plasta, maana kuta zipo kila mahali, au tubaki kama tulivyo. Lolote utakaloamua, naomba liwe lako mwenyewe, na uliandike kwa mkono wako, usinipigie simu.

Je, unarudi?

Wako mtiifu,
Mumeo, Fundi.